Kisanduku cha Mtoni na Amana ya Watoto



Wapo wazazi wa hapa Mwanza waliotuuliza, baadhi yao kwa mshangao, yafaaje mwalimu wa madrasa kufunga vitabu siku ya Jumamosi na kuwaongoza watoto kando ya mto kutafuta kisanduku kilichofichwa. Swali lao ni la haki, kwani mzazi aulizaye habari za mwanawe hakosei. Twapenda kulijibu hapa ili na wengine wenye kulea wapate kufaidika.

Kwanza yafaa mchezo wenyewe ujulikane. Waitwa jiokashingi, nao si wa zamani. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya setilaiti zake yaliyopokewa na raia, hata chombo cha kuonyesha mahali kikaweza kukosea kwa kadiri ya mita 100. Kizuizi hicho kiliondolewa tarehe 2 Mei 2000. Kesho yake mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali pale, akawataka watu waitafute. Sharti lake lilikuwa fupi: atakayeiona achukue kitu na aache kitu. Leo visanduku vya namna hiyo vimepita milioni 3 duniani. Mwenye kutafuta huongozwa na simu yake. Akikipata huandika jina lake katika daftari lililomo, kisha hukirudisha pale pale. Akichukua kitu, huacha kingine chenye thamani kama hiyo au zaidi.

Hapo ndipo mchezo huu ulipotupendeza. Kisanduku hakina kufuli wala mlinzi. Mtu asiyekujua amekiacha, nawe wakifungua ukiwa peke yako, wala hapana akuonaye ila Mwenyezi Mungu. Sisi ambao elimu yetu ni ya chuo cha Qurani na shule ya msingi hatukuwa na habari za setilaiti hata mpwa wetu alipotufunza. Bali amana twaijua, na kwa miaka mingi tumeifundisha kwa maneno, watoto wakaikariri na kuisahau. Tukaona kuwa hapa yaweza kufundishwa kwa mikono na miguu.

Basi mpwa wetu, kwa idhini ya mwenye kiwanja, alificha kisanduku kati ya mawe, mahali pa juu, ng'ambo ya Mto Mirongo. Ndani yake alitia daftari, penseli, tasbihi na gololi chache. Jumamosi moja ya Februari 2025, katika mwezi wa Shaaban, tulitoka na watoto 14. Asubuhi ile kila mama aliyetuletea mwanawe alitamka neno lile lile tulilozoea kulisikia: "Ustadhi, huyu ni amana yako."

Njiani watoto walijifunza mengi. Kwa simu walipima kibla, wakaona kwamba kutoka Mwanza Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Wakalinganisha na jua na kivuli cha fimbo, wakafurahi kuona vyote vyakubaliana. Tulisali adhuhuri kwenye msikiti uliokuwa njiani, kisha tukaendelea kuupanda mto.

Lakini kiangazi chetu kifupi cha Januari na Februari hakina ahadi. Ziwa hili la Viktoria, lenye eneo lipitalo kilomita za mraba 68,000, lina tabia zake. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda na kuzaa ngurumo. Ndiyo sababu wavuvi hukutwa na dhoruba karibu na alfajiri. Mchana upepo hugeuka ukatoka ziwani kwenda bara, na mawingu hukusanyika vilimani baada ya adhuhuri. Nao Mirongo ni mto mfupi upitao katikati ya jiji hata ziwani. Vilima vya kandokando ni vya mawe, na juu yake zimejengwa nyumba nyingi za mabati. Mvua ikianguka juu ya mwamba na bati haipati udongo wa kuinywa. Huteremka yote pamoja.

Ilipokuwa saa nane mchana tulifika mahali pa kuvukia. Mto ulikuwa mwembamba, maji yakifika vifundoni, na mawe ya kukanyagia yalionekana wazi. Juu ya vichwa vyetu jua lilikuwa likiwaka. Simu ilionyesha kuwa zimebaki mita 90.

Palikuwa na mzee mmoja akimwagilia mchicha wake ukingoni. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika marahaba, kisha akatuambia bila kuacha kazi yake: "Mwalimu, vuka ukitaka, lakini mtarudi vipi? Kule juu kumeshanyesha." Tukatazama alikoelekeza uso. Nyuma ya vilima wingu lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, na maji yaliyokuwa meupe yalianza kuwa na rangi ya chai.

Tukawaambia watoto kuwa safari imekwisha. Walilalamika sana. Mmoja wao, mwepesi wa mbio kuliko wote, alisema: "Ustadhi, niache mimi peke yangu, nitakwenda na kurudi kabla hamjamaliza kuhesabu mia." Wengine walitutazama kwa matumaini. Hatukumruhusu. Tuliwahesabu, wakatimia 14, tukapanda nao hata penye barabara, tukajikinga barazani mwa duka.

Haikupita nusu saa. Mvua ilikuwa haijatufikia, ila matone machache, lakini mto uliteremka ukiwa na sauti, umebeba matawi, chupa za plastiki na kipande cha uzio. Mawe ya kuvukia hayakuonekana tena. Yule mtoto mwepesi alisimama karibu yetu akitazama, wala hakusema neno.

Watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa na wa mbali uzito wa maji. Twakumbuka MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita kiasi, na mamia ya roho za watu zikapotea. Abiria naye ni amana mikononi mwa aliyempakia.

Wiki iliyofuata tulirudi, mto ukiwa umepungua. Tulimpitia mzee kumshukuru, kisha tukavuka. Kisanduku kilikuwa pale pale, kikavu. Watoto walipokifungua walikuta jina katika daftari, lililoandikwa kwa mwandiko wa kitoto: ni la mjukuu wa mzee yule. Hapana kilichopungua. Ndimu mbili ndizo zilizoongezeka. Kabla ya kuondoka watoto waliokota chupa zilizoachwa na mafuriko zikajaa viroba vitatu, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani, na mto nao ni njia ya maji tunayoyanywa wote.

Hili basi ndilo jibu letu. Chombo kile chajua kisanduku kilipo kwa kukosea hatua chache tu, wala hakijui mvua iliyonyesha nyuma ya kilima, wala hakijui mtoto ni wa nani. Hayo ni juu yetu sisi wakubwa. Kwa hiyo, ewe mzazi, usimzuie mwanao kutembea na kuijua nchi yake. Lakini muulize amwongozaye: Ni wangapi waendao, na nani atawahesabu? Mtarudi saa ngapi? Mkivuka maji, mtarudi kwa njia gani yakijaa? Je, yupo mwenyeji mtakayemwuliza habari za mto? Mwalimu asiyeyapenda maswali haya usimkabidhi mtoto.

Nanyi vijana, mkiambiwa rudini ilhali mwaona mmekaribia kabisa, msidhani mmenyimwa. Kisanduku kikifichwa vizuri chaweza kungoja wiki moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzirudisha amana kwa wenyewe zikiwa salama. Amin.