Ubao Usio na Chaki

Sisi walimu twaujua ubao. Unaandika kwa chaki, watoto wanatazama, kiisha unafuta. Lakini uko ubao wa namna nyingine, ule wa intaneti: mtu wa Bukavu anaandika, na mwenzake wa Lubumbashi anaona mara moja.

Sisi ni watu saba tunaotengeneza kitabu cha kuwafundisha watu wazima kusoma. Zamani tulikutana Goma. Januari 2025 mji wa Goma ulishikwa na M23, na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Safari zikawa shida, wawili wetu wakakimbilia mbali. Basi tukahamia ubaoni, huku tukisikiana kwa telefoni.

Namna yake ni hii. Ni ukurasa mweupe, mpana kupita ukuta wo wote. Kila mtu anabandika vikaratasi vya rangi, anachora mshale, anavuta kikaratasi cha mwenzake na kukiweka karibu na chake. Programu za namna hii ni nyingi: iko Miro, iliyoanza mwaka 2011 kwa jina la RealtimeBoard, iko Microsoft Whiteboard, na nyingine.

Jambo lililonishangaza ni kwamba wadogo walianza kusema. Mezani, mkubwa akisema, wao huitika tu, "Ndiyo, mzee." Ubaoni siku moja tuliandika vikaratasi bila majina, na mmoja akaandika hivi: "Somo la tatu ni juu ya gari la moshi. Wanafunzi wangu ni kina mama wa sokoni. Wanataka kusoma karatasi ya deni." Na lile somo la gari la moshi alilitunga mzee wetu mwenyewe! Alinyamaza kitambo, kiisha akakivuta kikaratasi kile mpaka juu kabisa ya ubao. Somo likabadilishwa.

Lakini hayo ni ya wenye umeme. Mwenzetu mmoja aliye mlimani anaingia kwa telefoni ndogo. Picha zinamla mega zote, na maandishi kwake ni madogo kama siafu. Sisi tumekwisha kukata shauri, yeye bado angoja ukurasa ufunguke. Je, huo ni mkutano wa watu saba? Mimi nasema hapana. Ndiyo sababu tumeziondoa picha, na maswali tunamtumia kwa ujumbe mfupi siku mbili mbele ya mkutano. Majibu yake yasipobandikwa, hatukati neno.

Tena, Google walikuwa na ubao wao, Jamboard. Waliufunga tarehe 31 Desemba 2024, na waliokuwa na kazi humo ikawapasa kutafuta ubao mwingine. Kwa hiyo kila Ijumaa mwandishi wetu ananakili katika daftari la karatasi yote tuliyopatana. Vijana wanamcheka kidogo. Sasa amefika daftari la pili, na somo la tisa linangoja: wengine wanataka tufundishe kuandika barua, wengine kutuma pesa kwa telefoni, na vikaratasi vya pande mbili vimelingana, bado kimoja cha mlimani.