Chakula cha Kwanza cha Kifaranga

Tulipoanza kufuga samaki wa mapambo Garissa, chakula cha vifaranga kilikuwa kimoja tu: kiini cha yai. Yai linachemshwa mpaka liwe gumu, kiini kinafungwa ndani ya kitambaa cheupe na kukamuliwa majini hadi maji yafanane na chai ya maziwa. Vifaranga wa samaki wa dhahabu walilivamia lile wingu, na kufikia jioni matumbo yao yalikuwa manjano. Ulikuwa ukilala na furaha. Asubuhi maji yananuka, maana kwa joto letu chakula hakikawii kuoza, na nusu ya vifaranga wamelala chini. Wengine walisema ni joto, wengine wakalaumu tope la Mto Tana. Habari za utumbo hakuna aliyezitaja.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Kibajuni aliyekuwa akitotoa samaki pwani. "Mwanangu," aliniambia, "mdomo umeuona. Sasa tazama nyuma ya mdomo." Akamweka mtoto wa kambare chini ya hadubini. Alikuwa mwangavu kama kioo, moyo unadunda, na chini ya kifua pana kifuko cha kiini kilichobaki kidogo sana. Utumbo wake ulikuwa mrija mwembamba ulionyooka. Mfuko wa tumbo haukuwapo.

Kambare huupata mfuko huo, pamoja na asidi yake, baada ya kula kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo humeng'enya chakula kwa vimeng'enya vya kongosho, na chembe za ukuta wa utumbo wa nyuma humeza vipande vya protini vikiwa vizima. Samaki wa dhahabu, kama ukoo wote wa kapu, huishi na kufa bila mfuko huo. Ndiyo maana chakula cha unga kinaweza kujaza tumbo kisimjenge mtoto. Tena muda haumngoji: kiini alichozaliwa nacho kikiisha na asipate kitu, hufika mahali ambapo hata ukimletea chakula hana nguvu ya kula. Mdudu hai, kinyume na unga, anacheza mbele ya macho ya kifaranga, mwili wake ni laini na una maji, na unasagika upesi. Wapo wanaosema mdudu humwongezea kifaranga na vimeng'enya vyake mwenyewe, lakini hilo wataalamu bado wanabishania.

Nikahamia kwenye artemia, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi. Mayai yao makavu huja kwa makopo, mengi kutoka Great Salt Lake huko Marekani, ingawa hata kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, walipandwa miaka ya 1980. Nilikata kitako cha chupa ya soda, nikaipindua, nikatia maji ya chumvi na mrija wa hewa. Baada ya siku moja hivi maji yanageuka rangi ya chungwa. Unazima hewa, unamulika tochi chini. Watoto wanashuka kuufuata mwanga na maganda yanaelea juu. Unawavuta kwa mpira na kuwalisha hapo hapo, kwani kila saa wanayokaa wanatumia akiba yao wenyewe. Beta mchanga hawawezi, mdomo wake ni mdogo mno. Huyo anataka vijidudu vya maji yaliyolowekwa majani. Gapi huzaliwa amekamilika na hula vumbi la chakula siku ile ile.

Kopo ni ghali. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, zilizokuja baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame, zilijaza madimbwi kwenye udongo mweusi nje ya mji. Nilichota maji nikayachuja kwa shuka, wakabaki kamba wadogo wanaoogelea chali, miguu juu: jamaa wa karibu kabisa wa artemia. Mayai yao yalikuwa yamelala kwenye udongo mkavu miaka yote ile. Ndivyo wanavyoishi pia samaki wa jenasi ya Nothobranchius, ambao utotoni tuliambiwa wamedondoka na mvua. Mmoja wao, Nothobranchius bojiensis, alipewa jina hilo mwaka 1992 kutokana na nyanda za Boji hapa Kenya. Dimbwi likijaa, yai la samaki na yai la kamba huanguliwa pamoja, na kifaranga huanza kula mara moja. Hana budi kuharakisha: Nothobranchius furzeri wa Msumbiji amewahi kukutwa amekomaa akiwa na wiki mbili tu.

Siku hizi ninaweka gunia la udongo wa dimbwi uliokauka. Ninaulowesha kwenye beseni kabla ya mayai ya samaki kuanguliwa, ninachuja mabuu ya kereng'ende yasije yakala vifaranga, na chakula kikavu ninakichanganya kidogo kidogo wakishapata nguvu. Kinachoniuma ni malori ya kifusi. Mji unapanuka, na madimbwi mawili niliyokuwa nikichota sasa ni viwanja vya nyumba. Ninapita kwa wenye mashamba yaliyobaki nikiwaomba wasifukie ya kwao, na ninawaonyesha kilichomo.