Nyumba ya Ngara, kodi ya Kimbo

Nimekuwa kimya kidogo, na sababu ni hii: niliketi jioni moja kuandika programu ndogo ya Python ya kujibu swali moja tu. Je, ninunue nyumba mjini Nairobi au niendelee kupanga huku Kimbo? Nilidhani ni kazi ya saa mbili. Imenichukua wiki tatu, na jibu lenyewe halikutoka kwenye programu.

Kwa wasiopajua, Kimbo iko kando ya Thika Road, ukishapita mji wa Ruiru kutoka Nairobi. Tangu barabara ile kuu ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, ghorofa zimeota huku kama uyoga. Ninapanga vyumba viwili vya kulala kwa shilingi 14,000 kwa mwezi. Sukuma wiki inauzwa mlangoni, majirani tunajuana, na Mama Shiru ana duka lake la kushona hatua chache kutoka langoni.

Shida ni barabara. Ofisi yetu iko katikati ya jiji, kwa hivyo natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nipite Githurai kabla magari hayajafungana. Jioni nikifika, binti yetu Shiru, mwenye miaka minne, ameshalala. Kwenda na kurudi ni saa tatu. Zidisha kwa siku 22 za kazi: saa 66 kila mwezi ndani ya matatu. Jumapili moja Shiru aliniuliza kama nitalala hapa leo. Ndipo nilipoanza kusoma matangazo ya nyumba.

Niliipata moja Ngara. Vyumba viwili, orofa ya nne, shilingi milioni 6, robo saa kwa miguu hadi ofisini. Ukisimama mtaani unayaona majengo ya Park Road, ule mradi wa serikali wa nyumba 1,370. (Kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, tangu sheria ya 2024. Kwa hivyo ninajenga, ila bado mimi ni mpangaji!)

Haya, tuje kwenye hesabu. Benki ilitaka nitoe asilimia 20 mwenyewe, wanikopeshe milioni 4.8 kwa miaka 15, riba asilimia 14. Programu ikasema hivi:

- Malipo ya kwanza: 1,200,000
- Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini: 240,000
- Wakili, mthamini, bima na ada za benki: 260,000
- Jumla kabla ya kupewa ufunguo: 1,700,000
- Malipo ya benki kila mwezi: 63,900
- Ada ya huduma za jengo (lifti, mlinzi, taka): 6,500

Akiba yangu kwenye sacco, ya miaka saba, ni 1,310,000. Nilipungukiwa na 390,000 hata kabla ya kununua pazia. Nafuu ipo kidogo: tangu mwisho wa 2024, riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi hadi shilingi 360,000 kwa mwaka inaondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru. Kwa mtu wa kiwango cha asilimia 30 kama mimi, hiyo ni 9,000 kwa mwezi. Kwa hivyo kumiliki kungenigharimu kama 61,400 kila mwezi, miaka ya mwanzo.

Baba yangu ana msemo wake: kodi ni pesa ya kutupa. Nimeusikia tangu nipate kazi. Lakini nilipochapisha jedwali la mkopo mwezi kwa mwezi, mstari wa kwanza ulinifanya nisimame. Katika zile 63,900 za mwezi wa kwanza, 56,000 ni riba. Ni 7,900 tu zinazopunguza deni. Riba ni nini basi kama si kodi? Ni kodi ya pesa badala ya kodi ya nyumba, na mwenye pesa ndiye mwenye nyumba wako mpya. Baada ya miaka 15 ningekuwa nimeilipa benki milioni 11.5 kwa deni la milioni 4.8.

Na hiyo ni riba ikitulia. Mkataba ulisema inaweza kubadilika. Wengi tunakumbuka jinsi kiwango cha Benki Kuu kilivyopanda kutoka asilimia 7 mapema 2022 hadi 13 Februari 2024, kabla hakijaanza kushuka Agosti mwaka huo. Nikaweka asilimia 17 kwenye programu: malipo yakawa 73,900. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo mikopo ya nyumba nchini ilikuwa kama 30,000 tu mwishoni mwa 2023. Tena kulikuwa na suala la hati. Sheria ya 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake, badala ya kutegemea hati moja ya kiwanja kizima. Muuzaji aliniambia ya kwangu "inashughulikiwa". Wakili wangu akasema nirudi ikishashughulikiwa.

Tusimwonee baba lakini. Fleti kama ile ile inapangishwa kwa 35,000. Kodi ikipanda asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa 13 itakuwa kama 62,900, karibu sawa na malipo ya benki. Miaka miwili baadaye mwenye kununua anamaliza deni, mpangaji anaendelea. Kwa mtu mwenye hati safi, riba ya chini na nia ya kukaa miaka 20, baba ana haki.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, na waandishi wa programu mtalitambua. Nilikuwa nimeingiza mambo mawili katika kigeu kimoja. Kuwa karibu na kazi ni jambo moja. Kumiliki nyumba ni jingine. Ninachokitaka mimi ni zile saa, na saa hazihitaji hati. Nikihamia Ngara kama mpangaji, 66 zinakuwa 11. Naokoa saa 55. Kimbo kodi na nauli ni 19,500, kwa hivyo Ngara ni nyongeza ya 15,500: shilingi 282 kwa kila saa ya kuwa na mtoto wangu. Nikinunua, saa ile ile inagharimu 762. Nilifurahi sana. Nikamwita Mama Shiru aone.

Akaisoma safu moja moja, kimya. Kisha akauliza, "Baba Shiru, mimi niko safu gani?"

Sikuwa nimemweka. Duka lake linamwachia kama 20,000 kwa mwezi baada ya gharama, nyingi ikitokana na sare za shule za hapa hapa. Wateja hawabebwi kwenye lori pamoja na viti. Nikaongeza safu yake: kupanga Ngara kukawa 645 kwa saa, kununua 1,125. Programu iliyonionyesha ushindi usiku ule ilikuwa imehesabu maisha ya mtu mmoja katika nyumba ya watu watatu.

Jumatatu nilimwendea meneja na ombi ambalo nilipaswa kulitoa mwaka jana: nifanyie kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Alifikiri dakika moja hivi, akakubali kwa majaribio ya miezi sita. Hizo ni kama siku tisa kwa mwezi, saa 27, kwa bei ya sifuri. Si 55, najua. Na meneja anaweza kubadilisha nia haraka kuliko Benki Kuu.

Kwa sasa pesa zimebaki sacco, na fleti ya Ngara nimeiacha. Nikinunua siku moja, nitanunua kwa sababu nataka nyumba, nikiwa na hati ya kuonyesha, na safu zote zikiwa zimejazwa. Kama nawe unapiga hesabu kama hizi, kabla ya kuuliza riba ni ngapi, mpe mwenzako aisome lahajedwali yako.

Leo ni Jumatano, siku yangu ya nyumbani. Naandika haya Shiru akiwa amekaa chini ya meza, anakata vitambaa vya mama yake. Ameshaniuliza mara tatu kama nimemaliza.