Theluji ya Karisimbi na Majira ya Likizo

Likizo ya mtumishi wa serikali hupangwa mezani, lakini hali ya hewa ya mlimani haipangwi na mtu. Mambo hayo mawili yanapogongana, aghalabu mwenye likizo ndiye adhaniaye kwamba mlima utamwonea huruma. Katika mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, ambako watu wamezoea joto la Bugarama na upepo mwanana wa Ziwa Kivu, ni rahisi zaidi kudhani hivyo, kwa kuwa wengi hawajapata kuiona theluji ila katika picha.

Koplo mmoja wa polisi wa mji huo alikuwa amemwahidi kijana wake wa sekondari kwamba atampeleka Karisimbi, akaione theluji kwa macho yake. Ahadi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu za kazi, na kijana alikuwa ameanza kuinyamazia, jambo ambalo humwumiza mzazi kuliko kulalamikiwa. Hatimaye likizo ya baba iliidhinishwa kwa mwezi wa Aprili, wakati ambapo shule nazo zimefungwa. Wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya kuwakumbuka waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na nyumba ile haikufikiria matembezi katika siku hizo. Zilibaki siku chache tu kabla ya shule kufunguliwa. Koplo akaona kwamba zinatosha.

Aliyemkatiza ni jirani yake, mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ambaye katika ujana wake alipata kutumikia kaskazini, chini ya milima ya volkano.

"Mwanangu," alisema mzee, "mwezi wa nne mlima ule hauendewi kwa matembezi. Sisi tulikwenda kwa amri. Wewe unakwenda kwa hiari, tena na mtoto."

"Lakini mzee wangu, si mvua ndiyo iletayo theluji? Nikienda kiangazi nitamwonyesha nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na ndilo kiini cha jambo lote. Karisimbi una urefu wa mita 4507, nao ndio mrefu kuliko milima yote ya Rwanda. Jina lake limetokana na neno la Kinyarwanda "isimbi", yaani simbi au kauri nyeupe, kwa sababu ya weupe uonekanao kileleni mara kwa mara. Kwa wastani, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kila mtu apandapo mita 1000. Kamembe iko karibu mita 1600 juu ya usawa wa bahari. Basi ikiwa hewa ya mjini ni nyuzi 20, kileleni yapata nyuzi 2 au 3 tu, na usiku hushuka hadi maji kuganda. Hapo mvua hugeuka kuwa mvua ya mawe au theluji. Lakini jua la ikweta likichomoza na kupanda kidogo, weupe huo huyeyuka. Kwa hiyo Karisimbi hauna barafu ya kudumu. Theluji yake ni mgeni alalaye usiku mmoja.

Katika Afrika nzima barafu ya kudumu iko katika sehemu tatu tu: Kilimanjaro wenye mita 5895, Mlima Kenya wenye mita 5199, na safu ya Rwenzori ambayo kilele chake kirefu kina mita 5109. Hata huko inakwisha. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za kutelezea thelujini, wakateremka nazo. Tangu mwaka huo zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu ya Kilimanjaro zimetoweka, na mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya milima hiyo yote mitatu huenda ikawa imekwisha ifikapo mwaka 2050. Yule atakaye mwanawe aone theluji ya Afrika ana haki ya kuwa na haraka. Lakini haraka ya miaka si sawa na haraka ya siku.

Nchini Rwanda mvua kubwa za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kati yake. Kiangazi kirefu huanza Juni hadi mwanzo wa Septemba. Mvua za vuli hufuata hadi Desemba, kisha huja kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Ni kweli kwamba masika ndiyo yaletayo weupe mwingi kileleni. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo igeuzayo njia kuwa tope la kufika magotini, ifunikayo mlima kwa ukungu, na iletayo radi mahali pasipo na mti wala nyumba. Mtu huweza kuizungukwa na theluji asione hata hatua kumi mbele yake. Palipo na theluji hapana safari njema, na penye safari njema theluji ni haba. Mpanda mlima hana budi kuchagua.

Yuko aliyechagua vibaya, na waliolipa ni wengine. Katika miaka ya 1907 na 1908 Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg, aliongoza msafara wa wataalamu wa Kijerumani katika nchi hizi. Mmoja wao, mtaalamu wa miamba aitwaye Egon Kirschstein, alikuwa akichunguza volkano. Mapema mwaka 1908 alikuwa juu ya Karisimbi na wapagazi wake dhoruba ya theluji ilipowakumba. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Jina la mtaalamu huyo hupatikana vitabuni, na wale waliobeba mizigo yake hukumbukwa kwa idadi.

Baridi haihitaji kuwa kali sana ili iue. Mwili uliolowa, uliochoka na usiokula hupoteza joto upesi. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha ulimi huwa mzito, mikono hushindwa kufunga kamba, naye hutaka kuketi apumzike kidogo. Mapumziko hayo ndiyo hatari yenyewe. Tena juu ya mita 4500 hewa ivutwayo ni pungufu, chini ya theluthi mbili ya ile ya pwani, na mtu huweza kushikwa na kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu. Dawa iliyo ya hakika ni kuteremka.

Jioni ile koplo alimweleza mkewe maneno ya mzee.

"Baba watoto," alisema mkewe, "mtoto ameahidiwa mlima. Hakuahidiwa Aprili."

Kubadilisha likizo hakukuwa bure. Mwenzake aliyepangiwa Julai alikuwa na mambo yake nyumbani, na alikubali kuachia zamu hiyo kwa sharti kwamba koplo ashike zamu zake za sikukuu za mwisho wa mwaka. Koplo akakubali. Gumu zaidi lilikuwa kumweleza kijana. Hakumficha. Alimwambia kwamba wataahirisha mara ya tatu, kwamba Julai huenda wasione theluji yoyote, na kwamba baba yake anaona afadhali arudi na mtoto asiyeiona theluji kuliko kuiona theluji akarudi peke yake. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama viatu vyake vya shule vitafaa. Havikufaa, na miezi mitatu iliyobaki ilitosha kutafuta vingine.

Julai walisafiri kwa barabara ya kandokando ya ziwa, wakapita Nyamasheke na Karongi hadi Rubavu, kisha wakapinda kuelekea Musanze. Kupanda Karisimbi ni kazi ya siku mbili pamoja na mwongozaji wa hifadhi, na usiku hulalwa kambini kwenye mita 3700 hivi. Kila mmoja wao alikuwa na koti la mvua, sweta la sufu, kofia, glovu, na soksi kavu zilizofungwa katika mfuko wa nailoni zisiguswe hadi jioni. Walibeba chai na sukari ya kutosha, na walikubaliana mapema kwamba yeyote akizidiwa wote watateremka bila ya kubishana.

Kijana aliamka alfajiri kichwa kikimgonga kidogo. Waliketi, wakanywa chai, wakangoja. Kichwa kilipotulia mwongozaji akaruhusu waendelee polepole. Kileleni anga lilikuwa safi. Theluji haikuwapo. Katika vivuli vya mawe pekee palikuwa na umande ulioganda, mweupe kama unga uliomwagika, na kijana aliupapasa kwa kidole hadi ukageuka maji. Mama yake alipoonyeshwa picha alisema ni chumvi tu, wakacheka nyumba nzima.

Jambo ambalo koplo hakulisimulia sana ni la asubuhi ya kwanza. Kabla ya kuanza kupanda, mpagazi waliyemkodi alipoinama kuchukua mzigo, koplo alimzuia kwa upole, akamwuliza, "Ndugu yangu, na wewe koti unalo?" Mpagazi alikuwa na shati na fulana nyembamba. Koplo akafungua mkoba, akatoa sweta la akiba na nailoni ya mvua, akamkabidhi. Kisha ndipo safari ikaanza.