Tovuti ya Muuza Maembe wa Ndera: Mambo Machache ya Kuzingatia

Watu wa pande za Garsen wakishajua kuwa kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta, swali lao huwa hili: "Tovuti ni pesa ngapi?" Nami huwauliza: mnunuzi wako wa mwisho alikuwa nani, na alikupataje? Wengi hukosa jibu, maana mnunuzi mwenyewe hawajawahi kumwona. Wanayemjua ni broka.

Basi leo tuongee kuhusu jambo hili, wasomaji wangu, na mfano wetu utakuwa Ndera, kandokando ya mto Tana. Nimeichagua kwa sababu ushauri mwingi wa biashara za mtandaoni umeandikwa kwa mtu aliye Nairobi, mwenye duka kwenye mtaa wenye jina na intaneti isiyosuasua. Ndera kuna wakulima wa maembe, ndizi na mahindi, kuna warina asali, wavuvi na wasusi wa mikeka. Embe likishaiva halingoji mtu. Broka analijua hilo, ndiyo maana bei huitaja yeye: akiondoka bila kununua, mzigo unaozea chini ya mwembe. Usafiri pekee haumpi nguvu hiyo. Inatoka kwenye kumjua mnunuzi wa Malindi au Mombasa, ambaye wewe humjui wala yeye hakujui.

Kwa hiyo tovuti ya mkulima wa Ndera ina kazi moja tu: kumwezesha mnunuzi wa mbali akupate, akuamini na akupigie simu kabla embe halijaiva. Chochote kisichosaidia kazi hiyo kiondoe. Picha zinazotembea zenyewe, muziki, salamu ndefu za mwenyekiti wa kikundi, vyote toa. Haya, twende kazi.

1. Andika mahali ulipo kikamilifu

Ukiandika "Ndera" peke yake umejificha. Kuna Ndera nyingine Rwanda, pembeni mwa jiji la Kigali, yenye hospitali mashuhuri ya magonjwa ya akili. Ukiandika "Tana" pia hujasaidika sana, maana kuna mto Tana mwingine mpakani mwa Norway na Finland, unaojulikana kwa samoni wake, na wenyeji wa Antananarivo kule Madagaska nao huuita mji wao Tana. Mtambo wa kutafuta haujui unamaanisha ipi. Andika "Ndera, Tana River, Kenya", kisha utaje mji ambao dereva wa lori anaujua, kama Garsen au Hola.

Maneno hayo yawe kwenye kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana juu kabisa ya kivinjari na kwenye matokeo ya Google. Nimeona tovuti nyingi ambazo kichwa chake ni "Karibu" tu. Nani duniani hutafuta "Karibu" akitaka maembe? Andika: Maembe ya ngowe na apple, Ndera, Tana River, Kenya. Hilo halikugharimu hata shilingi moja.

2. Jibu maswali matano

Mnunuzi ana maswali matano: unauza nini, kiasi gani, lini, nitachukulia wapi, na nitalipaje. "Tunauza mazao bora kwa bei nafuu" halijibu hata moja. "Tuna ngowe, tunachuma kuanzia Novemba, tunauza kuanzia maembe 500, lori litapakia kando ya barabara kuu" linajibu manne kwa mpigo.

Bei je? Hapa ndipo penye mjadala. Mama mmoja wa kikundi cha wakulima aliniuliza, "Mwanangu, nikiandika bei, si broka naye ataiona?" Nikamwambia, "Ataiona, mama, na mnunuzi wa Malindi ataiona vilevile." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na broka akikasirika asije tena?" Hofu yake ni ya kweli, siwezi kuipuuza. Mabroka wakisusa kijiji kwa wiki mbili katikati ya msimu, hasara si ya mwenye kutoa ushauri. Ndiyo maana simshauri mtu atangaze vita. Broka ni mnunuzi kama wanunuzi wengine, endelea kumuuzia. Kwa mwaka wa kwanza waweza kuacha bei ukaweka aina, kiasi na tarehe, halafu bei ukaitaja mtu anapopiga simu. Unachotafuta ni bei ya pili ya kulinganisha. Mtu mwenye bei mbili mkononi ana nafasi ya kukataa moja.

3. Punguza uzito wa picha

Hili ndilo linaloua tovuti nyingi vijijini. Picha moja ya simu ya kisasa hufika megabaiti 3 au zaidi. Tupige hesabu: mahali ambapo mtandao ni hafifu, tuseme kasi ni kilobiti 100 kwa sekunde, picha hiyo moja itachukua dakika 4 kufunguka. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 800, uihifadhi kama JPEG ya kilobaiti 100 hivi. Sasa itachukua sekunde 8. Programu za bure za kupunguza picha zipo nyingi, hata kwenye simu.

Picha tatu zinatosha: embe moja karibu na kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, mzigo uliopangwa, na mahali pa kupakilia. Usichukue picha nzuri ya embe kutoka tovuti ya watu. Mnunuzi akifika akakuta kitu tofauti, hatarudi, na atawaambia wenzake.

4. Jina la tovuti liwe lako

Chuoni nilisomea sayansi ya kompyuta na hakuna aliyetufundisha jambo hili, ingawa limeumiza watu wengi. Kuna kikundi ninachokifahamu kilichotengenezewa tovuti na kijana aliyeandikisha jina hilo kwa barua pepe yake mwenyewe. Akabadilisha simu, akahamia mbali, mwaka ukaisha, ada haikulipwa, jina likapotea pamoja na kadi zote zilizochapishwa anwani hiyo. Kikundi hakikuwa na la kufanya, kwa kuwa kwenye kumbukumbu mwenye mali alikuwa kijana.

Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na mawakala wake. Hakikisha jina limeandikishwa kwa barua pepe ya biashara yako, na neno la siri unalo wewe. Tarehe ya kulipia upya iandike ukutani, pale unapoandika tarehe ya karo.

Mtu atauliza, kwa nini nisitumie kurasa za bure tu? Zitumie, lakini jua kuwa umejenga kwenye kiwanja cha mtu. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities huko Marekani, pamoja na mamilioni ya kurasa za watu. Google nayo ilikuwa ikitoa tovuti za bure kwa biashara zilizojiandikisha kwenye ramani yake. Machi 2024 ikazifunga. Kuiweka biashara yako kwenye ramani ya Google bado ni bure na ninakushauri ufanye hivyo. Ila alama yako iweke pale lori linapofika. Ukiiweka shambani ng'ambo ya mto, dereva atajikuta ukingoni anatazama mitumbwi.

5. Simu na malipo

Nambari yako iandike kwa msimbo wa nchi, yaani ianze na +254, kwa sababu mnunuzi aweza kuwa Zanzibar au Muscat. Kiungo cha WhatsApp hutengenezwa kwa kuandika https://wa.me/ ikifuatiwa na 254 na tarakimu zilizobaki, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Wengi huiacha sifuri, halafu wanashangaa mbona kiungo hakifunguki.

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na matapeli hawakukawia kuifuata. Usiamini ujumbe uliotumwa kwako na mteja, wala picha ya ujumbe. Tazama salio lako mwenyewe kabla lori halijaondoka. Kwenye tovuti andika wazi: malipo hufanywa kwa nambari hii tu, na jina litakaloonekana ni hili. Hiyo inamlinda mteja pia, maana naye ametapeliwa na watu wenye tovuti nzuri kuliko yako.

6. Weka tarehe, hata kukiwa na habari mbaya

Mafuriko ya El Nino ya mwishoni mwa 2023, kisha yale ya Aprili na Mei 2024, yaliwakumba sana watu wa Tana River na kukata barabara. Wakati kama huo tovuti isiyosema lolote inamwambia mnunuzi kuwa hakuna mtu nyumbani. Mstari mmoja unatosha: tarehe, hali ya barabara, na maembe yapo au hayapo. Mfanyabiashara aliyekuambia "usije wiki hii" na akakuokolea mafuta ya lori, wiki inayofuata utampigia yeye kwanza. Tangazo la kulipia haliwezi kukununulia imani ya namna hiyo.

Na usiache ukurasa wa msimu wa juzi ukisema "maembe yapo". Msimu ukiisha, sema umeisha, utaje mwezi utakaoanza tena, uweke na asali au mikeka kama ipo.

Sasa, kabla hujamlipa mtu yeyote, hata mimi, chukua karatasi uandike majibu ya yale maswali matano. Kisha mpigie simu ndugu au rafiki asiyewahi kufika Ndera, umsomee. Akiweza kukueleza unauza nini, gari lake lisimame wapi na pesa azitume wapi, ukurasa wako uko tayari. Kilichobaki ni kuuchapa tu. Akianza kukuuliza maswali, yaandike yote, maana hayohayo ndiyo ambayo mnunuzi wa Mombasa angekuuliza, na yeye hana muda wa kupiga simu mara mbili.