Kompyuta ya Madrasa Isiyo na Kelele



Nimeulizwa mara nyingi na wazazi wanaokuja kuwachukua watoto jioni: "Mwalimu, lile dumu la njano chini ya dirisha, lenye mipira miwili inayoingia ukutani, ni la kazi gani?" Wengine walidhani ni maji ya kutawadhia. Nimeona ni bora nieleze mara moja kwa wote, kwani habari yenyewe ina faida kwa kila nyumba yenye kompyuta ya zamani.

Jibu fupi ni hili: dumu lile linapoza kompyuta ya madrasa bila feni. Na sababu ya kufanya hivyo ni mtoto mmoja.

Kwa nini tulihitaji ukimya

Madrasa yetu iko Gitambi, wilaya ya Rusizi, si mbali na bonde la Bugarama, ambalo ndilo sehemu ya chini kabisa na yenye joto zaidi katika Rwanda. Kompyuta yetu ni ya mezani, tuliyopewa na familia moja iliyohama. Tunaitumia kwa mambo mawili: watoto kusikiliza wasomaji wakubwa wa Qur'ani, na kurekodi usomaji wao wenyewe ili wajisikie na kujirekebisha.

Kiangazi vumbi la barabarani linaingia kila mahali, na joto la mchana halina mchezo. Kompyuta ikipata joto, feni yake huongeza mwendo, na chumba kizima hujaa mvumo. Kwa kazi ya kuandika barua, mvumo huo si kitu. Kwa kusoma tajwidi ni balaa. Chukueni herufi ya sin na swad, au thaa na sin. Hizi ni pumzi inayopita kati ya ulimi na meno. Mvumo wa feni nao ni upepo. Basi upepo unafunika upepo, na herufi zinapotea ndani yake.

Katika darasa letu yuko kijana wa miaka kumi na mmoja. Mama yake alinieleza siku ile ile ya kumwandikisha: "Mwalimu, mwanangu si mvivu. Sikio la kushoto liliumwa akiwa mdogo, halisikii vizuri. Usimchoke." Mtu mwenye upungufu wa kusikia huathiriwa na kelele kuliko sisi wengine. Chumba kikiwa kimya anafuata somo. Kikiwa na mvumo, maneno yanachanganyika hata kama sauti imepandishwa. Kijana yule alikuwa akifika kwenye kompyuta anaishia kukisia. Wenzake wakaanza kumcheka, naye akaanza kukaa nyuma. Mwalimu yeyote anajua kwamba mtoto anayekaa nyuma leo, kesho haji kabisa.

Tulianza na yaliyo rahisi

Msomaji mwema, kabla ya kufikiria maji, fanya kwanza mambo mepesi. Sisi tulianza kwa kuzima kompyuta, kuchomoa waya na kusafisha vumbi kwa brashi laini. Kisha tukapaka upya dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza chake. Kelele ilipungua. Ni vizuri kujua kwamba kelele ya feni hupanda haraka kuliko mwendo wake: feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na hilo sikio linalitambua mara moja. Hadi diski nayo ilikuwa ikitetemesha boksi zima, tukaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mtetemo ukaisha.

Lakini kila ikifika alasiri, joto linapanda na feni inarudia mvumo wake. Mtu aliuliza kwa nini tusihamishie boksi chumba cha pili. Chumba cha pili ni darasa la mabinti. Tungewapelekea wao kelele ile ile.

Ndipo kijana wetu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta, akasema: "Maalim, tutumie maji." Mzee mmoja wa kamati akashtuka: "Maji na umeme, wapi na wapi?" Swali lake lilikuwa la haki, na nitalirudia hapo chini.

Maji hubeba tu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuelewa. Maji hayamalizi joto. Maji hulibeba kutoka hapa na kulipeleka pale. Watu wa kwetu wanalijua jambo hili bila kusoma fizikia, kwa sababu ya chemchemi za Mashyuza, upande wa Nyakabuye, ambako vizazi vimekwenda kuoga maji ya moto. Hakuna aliyewasha moto pale. Maji yalilichukua joto chini ardhini yakaja nalo juu.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Kipande cha shaba chenye mifereji ndani hukaa juu ya prosesa. Maji hupita, huchukua joto, na pampu ndogo huyasukuma kwingine. Swali linabaki: huko kwingine joto litakwenda wapi? Kwa kawaida huwekwa rejeta yenye feni, na hapo umerudi kwenye kelele. Ukitaka ukimya, hewa lazima ilichukue joto polepole yenyewe, bila kusukumwa, na kwa hiyo unahitaji eneo kubwa. Kampuni ya Zalman ya Korea Kusini iliwahi kuuza, katika miaka ya mwanzo ya 2000, mnara wa alumini unaoitwa Reserator, wenye urefu wa karibu sentimita 60, umejaa maji, na mapezi marefu pande zote. Feni haina. Hewa ya moto hupanda yenyewe kati ya mapezi hayo.

Sisi mnara huo hatuna. Tukaenda Kamembe kwa fundi wa gereji kutafuta rejeta kuukuu ya gari. Alitusikiliza, kisha akatuambia ukweli badala ya kutuuzia: "Rejeta hii imezoea upepo wa gari linalokwenda. Angalia mapezi yake yalivyobanana. Mkiitundika ukutani bila feni, hewa itakwama humo ndani." Allah amlipe kheri. Mapezi ya kupozwa na hewa tulivu yanatakiwa yawe mbalimbali, na ya rejeta ya gari ni kama meno ya kitana.

Hesabu ya dumu

Tuliporudi, nikawapa wanafunzi wakubwa hesabu. Prosesa yetu ni Core 2 Duo, ambayo mtengenezaji ameihesabia wati 65. Ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nzima, inatoa joto la jouli 234,000. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4,200 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 linahitaji 84,000. Gawanya. Jibu ni kama nyuzi 2.8 kwa saa.

Darasa letu la kompyuta ni saa mbili, baada ya sala ya alasiri. Maana yake ni kwamba, hata kama hakuna joto linalopotea njiani, maji yatapanda nyuzi zisizofika 6. Yakianza na 28, yatamaliza na 34. Prosesa inaweza kuvumilia zaidi ya hapo kwa mbali sana. Kisha usiku mzima dumu linapoa taratibu, na kesho tunaanza upya.

Hatukuhitaji rejeta. Tulihitaji maji mengi na subira ya usiku mmoja. Vijana walifurahi mno kuona hesabu ya darasani imewaokolea faranga za kamati.

Siku za joto kali tunalivika dumu gunia lililoloweshwa maji. Gramu moja ya maji ikikauka huondoka na jouli kama 2,400. Kikombe kidogo cha gramu 100 kikikauka chote kutoka kwenye gunia, kinaweza kuondoa joto la saa nzima la prosesa yetu. Ndiyo siri ile ile ya mtungi wa bibi zetu. Kiangazi gunia hukauka haraka. Wakati wa mvua faida yake ni ndogo, kwa sababu hewa tayari imejaa unyevu.

Usalama wa watoto

Sasa nirudi kwa swali la mzee wetu. Pampu tuliyotumia ni ya volti 12, inayopata umeme kutoka ndani ya kompyuta yenyewe. Hatukutumbukiza kitu cha umeme wa ukutani ndani ya maji ambayo watoto wanaweza kuyagusa. Pia pampu hiyo inawaka na kuzima pamoja na kompyuta, hakuna wa kusahau. Dumu liko nje, chini ya usawa wa meza, ili pampu ikizimwa maji yasiendelee kumiminika ndani. Kabla ya kuwasha kompyuta, tuliacha maji yazunguke mchana na usiku, pampu ikitumia umeme wa pembeni, na karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi zote zilibaki kavu.

Tulitumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi, kwa sababu maji ya bomba huacha chokaa kama mnavyoiona ndani ya birika. Viungo vyote vinavyogusa maji ni vya shaba au plastiki. Shaba na alumini zikikutana katika maji mamoja, alumini huliwa. Dumu limefunikwa vizuri, maana maji yaliyotulia ni kitalu cha mbu.

Pawa saplai hatukuifungua, na wewe usiifungue. Hubaki na umeme wa hatari ndani hata baada ya kuchomolewa. Feni yake ipo bado, ila ni kubwa na huzunguka polepole. Ubao wa pembeni wa boksi tumeuondoa na kuweka wavu, kwani vifaa vingine vilivyokuwa vikipata upepo wa ile feni ya zamani navyo vinahitaji hewa. Na kwa kuwa pampu ikifa hakuna atakayesikia tofauti, tumeweka programu inayolia joto la prosesa likifika nyuzi 70.

Tulichokipata

Wiki ya kwanza watoto walidhani kompyuta imeharibika kwa jinsi ilivyonyamaza. Kijana wetu aliweka vipokea sauti, akarekodi aya zake, akazisikiliza. Akarudia mara tatu. Kisha akaniita: "Mwalimu, hapa nimesoma sin, ni swad." Sikuwa nimemwambia. Alijisikia mwenyewe. Sikio lake halijapona, na bado yapo maneno anayohitaji kurudiwa. Lakini sasa anakaa safu ya mbele, na mama yake ameacha kuniuliza kama anakuja kila siku, kwa sababu anajua.

Ewe mzazi unayetaka kununua kompyuta mpya, sikushauri uhangaike na mipira na madumu. Kinga ya kelele ni kutotoa joto tangu mwanzo. Watoto wa Rwanda wamekwisha kuona hilo: zile kompyuta ndogo za XO zilizoanza kugawiwa shuleni mwaka 2008 hazikuwa na feni wala hadi diski. Prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023 imehesabiwa wati 6 tu, karibu sehemu moja ya kumi na moja ya hii yetu, na zipo kompyuta zinazoitumia bila feni yoyote. Tafuta ya namna hiyo. Lakini kama unayo ya zamani na huna uwezo wa kuitupa, basi chukua kalamu, piga hesabu ya wati na lita, kisha utafute mtu anayejua umeme akusimamie.

Anayetaka kuona kwa macho, karibu Gitambi siku yoyote ya darasa baada ya alasiri. Tunaomba tu kwamba atakayeingia afunge mlango polepole, watoto wanarekodi.