Kumi kwa Moja

Litaje jina la dompo kijiweni uone watu watakavyocheka. Kwa washikaji wengi wa Dar es Salaam, mvinyo wa Dodoma ni kinywaji cha mwisho wa mwezi, cha mtu aliyeishiwa mshiko lakini bado anataka kuonekana mstaarabu kidogo. Kanisani kitu hichohicho kinaitwa divai, na watu wanakipigia magoti. Dukani ni waini, na bei inapanda. Mimi nimekulia kwenye neno jingine, ambalo nje ya familia yetu halina maana yoyote: kumi kwa moja.

Ni kipimo tu, ndugu msomaji. Madebe kumi ya zabibu nyekundu, debe moja la nyeupe, vyote ndani ya pipa moja, siku moja.

Nyekundu ni za babu. Marehemu babu alikuwa kibarua kwenye mizabibu ya wamisionari Wakatoliki kule Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Mapadri walitaka divai ya misa, na mzabibu ukaonekana kuipenda nchi ile ya Wagogo ambayo mahindi yanaiogopa: mvua ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, halafu jua na vumbi tupu. Babu akajifunza kupogoa, akapewa vipando, akavipanda kwenye mwinuko wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba. Kupogoa ndiyo elimu yenyewe. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali na kuamka wenyewe. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima anaukata matawi ili aushtue. Nao, kwa kudhani mwaka mpya umeanza, unachipua, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana kwetu kuna mavuno mawili kwa mwaka. Ya wakati wa mvua yana maji mengi. Ya kiangazi, Agosti na Septemba, ndiyo yenye sukari.

Nyeupe ni za bibi. Kwenye vitabu zinaitwa Chenin Blanc, asili yake bonde la mto Loire huko Ufaransa. Bibi hajawahi kulitamka jina hilo. Yeye anaziita "zangu". Alizipanda kwenye kipande chake mwenyewe, chini kabisa karibu na barabara, penye mchanga, na fedha yake aliifunga kwenye pindo la khanga yake. Babu hakuwa na sauti kule chini. Hata kupogoa bibi alipogoa mwenyewe, tena, wazee wanasema, vizuri kuliko mwalimu wake.

Sasa, watu wakisikia "mvinyo wa familia" wanawaza pishi la mawe na mapipa ya mwaloni. Wa kwetu ulizaliwa na lori ambalo halikuja. Ilikuwa miaka ya 1980. Mnunuzi, ambaye simtaji, aliahidi kufika Jumatatu. Ikapita Jumatatu, ikapita wiki. Zabibu si mtama useme utaziweka ghalani. Zilianza kupasuka na nyuki wakajaa uani. Babu akaazima mapipa mawili, akaponda. Hamira hakutia, ile inayokaa juu ya maganda ilitosha. Maganda hakuyatoa, maana wekundu wa mvinyo unatoka kwenye maganda. Maji ya zabibu peke yake hayana rangi ya kujivunia. Pipa la kwanza likajaa nyekundu tupu. La pili likabaki na nafasi kidogo, na bibi, ambaye zabibu zake nazo zilikuwa zinaoza na pipa la tatu hakuna, akamwaga debe lake humo bila kuuliza mtu.

Baba anasimulia kwamba wazee wale walinuniana siku tatu nzima. Babu alisema ameharibiwa rangi. Walipokuja kuonja, pipa la kwanza lilikuwa kali, linakwaruza ulimi kama majani ya msasa. La pili lilikuwa na harufu, jamani, harufu kama ua ambalo hujui liko wapi. Babu alikunywa kikombe kizima kimyakimya, akaomba cha pili. Tangu mwaka ule hakuponda nyekundu peke yake tena.

Nilipokuwa chuoni nilisoma kwamba Ufaransa, mahali panapoitwa Côte-Rôtie, wanachanganya zabibu nyekundu aina ya Syrah na nyeupe aina ya Viognier ndani ya pipa moja, na sheria yao inaruhusu nyeupe mpaka asilimia 20. Nilifunga safari kumpelekea bibi habari hiyo kama mtu aliyeokota almasi. Akaniuliza, "Nao waliishiwa mapipa, bwana wangu?"

Sina hakika kama hakuwa sahihi.

Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mwenye macho aliona bikoni zikichomoza kila mahali kama uyoga. Na bei ya ardhi haikupanda sawasawa. Mwinuko wa babu, mashimo na mawe, hakuna aliyeutaka. Watu walitaka kule chini, barabarani, kwa bibi. Yaani kati ya kumi na moja, iliyotakiwa ni ile moja.

Tukaitwa kikao. Sisi wa mjini, mimi na binamu zangu wawili, tulikuja tumejiandaa kwa hotuba. Urithi, asili, mizizi, maneno makubwa yote tulibeba. Shangazi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya mwandishi, na ada ya wadogo zako tutalipa kwa harufu?" Baba akainama. Hapo bibi akagonga fimbo chini. Alisema mizabibu ile aliipanda yeye, si babu wala sisi, na miguu yake haishuki tena mpaka barabarani. Anataka bati jipya, na anataka kutibiwa macho kabla hajaacha kuziona sura zetu. "Uzeni," akasema. Kisha akamgeukia baba: "Lakini kesho alfajiri ukate vipando. Kabla mnunuzi hajaja na tingatinga lake."

Zile hotuba zetu tulirudi nazo Dar.

Leo penye mizabibu ya bibi pana ghorofa moja na duka la vifaa vya ujenzi. Bati liliezekwa, jicho la kushoto limepona, la kulia ndiyo hivyo. Vipando baba alivichomeka mwishoni mwa safu za babu, kwenye udongo mwekundu ambao hazikuuzoea, na vilivyoshika ni saba. Mwaka wa kwanza majani tu. Mwaka wa pili majani na uongo. Agosti iliyopita vikatoa vichala vidogo, bibi akaletewa kigodani pake, akavipapasa kimoja kimoja, akasema vitiwe.

Baba alipima. Pipa liko chumba cha nyuma, na ubavuni ameandika kwa chaki: kumi kwa nusu.